Wapangaji wa safari, watu walale kwanza ndo muwatembeze

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu turudi kutoka Istanbul mwezi wa sita. Nawaandikia nyie kwa sababu siku hizi kila nikifungua gazeti nakutana na matangazo ya safari za vikundi, mara Uturuki, mara Dubai, mara umra kupitia Istanbul, na karibu yote ratiba ya siku ya kwanza inafanana: mnapokelewa uwanja wa ndege, mnapanda basi, mnaanza kutembelea jiji. Mimi hiyo siku ya kwanza naipinga kabisa na nataka wanaopanga hizi safari waifute, nitaeleza kwa nini.

Sisi ni kikundi cha wanawake marafiki, tuna kikoba chetu miaka mingi sasa, wengi tuna maduka na meza Kariakoo, mmoja mwalimu wa sekondari, wengine wako maofisini. Tulichanga kidogo kidogo muda mrefu mpaka nauli ikatimia. Baadhi yetu Istanbul sio mara ya kwanza, wanaendaga Laleli kuchukua nguo za jumla, lakini anayefuata mzigo huwa hatembei jamani, anatoka hotelini anaingia dukani, anatoka dukani anaenda ofisi ya kago, kesho yake yuko njiani kurudi. Umeenda Istanbul mara kibao na ukiulizwa mji ukoje unaelezea ngazi za jengo la jeans. Safari hii tukakubaliana tutenge siku moja nzima, siku ya kwanza, ya kutembea tu kama marafiki, kabla mtu hajaanza kuwaza magunia. Kwa wengine hiyo ndo siku pekee ya kutalii nje ya nchi walioipata maishani mpaka sasa. Na hiyo siku ikaliwa yote na usingizi.

Mambo yanaendaje mpaka yanafika hapo? Ndege yetu iliondoka Dar saa kumi kasoro alfajiri, maana yake saa saba usiku uwe umeshafika uwanjani, na anayetoka Mbagala au Kimara ametoka kwake saa tano usiku. Mchana wake kila mtu alikuwa dukani kama kawaida, hakuna mfanyabiashara anayefunga duka kutwa nzima kwa sababu tu usiku anasafiri, halafu ukirudi nyumbani kuna kufunga begi, kuna watoto, kuna kuagana na wakwe. Angani ni kama masaa saba, ila hapo katikati taa zinawashwa, chakula kinakuja, mtoto wa jirani analia, shingo imepinda, huwezi kuuita ule ni usingizi. Tukatua karibu saa tano asubuhi, foleni ya pasipoti, mabegi, na ule uwanja mpya wa Istanbul waliohamia mwaka 2019 uko mbali, kama kilomita 40 kutoka mji mkongwe, na foleni ya magari huko nayo sio ya kitoto. Tumeshuka Sultanahmet, mtaa wa huo mji mkongwe, inaelekea saa nane mchana, watu wako macho zaidi ya saa 30, tumevaa nguo zile zile za safarini, wengine miguu imevimba viatu havifungi.

Kuna watu nikiwasimulia wananiambia ah hiyo ni kawaida, ni mwili kuzoea saa za nchi nyingine. Sio kweli, na hapa ndo pa kusikiliza vizuri. Uturuki tangu 2016 waliacha kubadilisha saa majira ya baridi, saa yao mwaka mzima ni saa tatu mbele ya Greenwich, sawasawa na yetu Afrika Mashariki. Saa saba mchana ya Sultanahmet ni saa saba mchana ya Kariakoo. Anayekwenda Marekani au China mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea, hilo ni tatizo lingine na dawa yake sio ya siku moja. Sisi hatukuwa na tatizo hilo. Tulikuwa tumekosa usiku mmoja tu wa kulala na dawa yake ilikuwa saa nne au tano za kitanda, basi, tungeamka jioni tukiwa watu. Yani ni tatizo rahisi kutibika kuliko yote ya safari na bado hakuna aliyelitibu.

Sababu naijua, niliuliza. Hoteli nyingi chumba unapewa kuanzia saa nane mchana, na kikundi kikitua asubuhi wakala anaona hapo katikati kuna masaa yanaelea, sasa badala ya kuwaacha watu wamekaa mapokezi na mabegi anawajazia matembezi. Kwake basi ameshalikodi, mtembezaji ameshamlipa, ratiba inaonekana imejaa na tangazo linavutia. Na sisi wateja tukisoma tangazo tunafurahia wingi, tunahesabu sehemu. Wakala wetu sitamtaja jina maana huu sio ugomvi wangu na yeye, karibu wote wanafanya hivyo hivyo.

Sasa niwaambie tulichokiona, au niseme tulichopitishwa.

Tulianza na Aya Sofya. Jengo lile lilijengwa na mfalme Justinian kuanzia 532 likakamilika 537, miaka mitano tu, kuba lake lina upana kama mita 31 na liko juu zaidi ya mita 50, lilianguka mwaka 558 wakalijenga tena, likawa kanisa miaka zaidi ya 900, mwaka 1453 Sultani Mehmed aliyeteka mji akalifanya msikiti, kuanzia miaka ya 1930 likawa makumbusho na 2020 likarudi kuwa msikiti. Haya nayajua kwa sababu yule mwenzetu mwalimu anafundisha historia na alitusomesha kwenye grupu letu la WhatsApp wiki nzima kabla ya safari, alikuwa na daftari kabisa. Amelisubiri jengo hilo tangu yuko kidato cha tatu. Wenzetu waislamu waliingia chini kuswali, sisi wengine tukapita mlango wa wageni wa juu, tiketi euro 25 kwa kichwa, ambayo kwa hela yetu sio ndogo. Na mwalimu wetu alipofika juu, pale unapoanza kuona ile michoro ya vijiwe vya dhahabu ukutani, akaegemea nguzo akalala. Amesimama. Tulimshika asidondoke. Akafungua macho akasema twendeni, naona, naona, halafu akafumba tena. Usiku ule aliniambia anakumbuka ngazi za kupandia na baridi la ile nguzo mgongoni, kuba halikumbuki. Mhariri, yule mama alilia, na sio mtu wa kulia lia. Hela zinatafutwa lakini atarudi lini tena Istanbul kwa mshahara wa ualimu na watoto wawili chuo?

Pale jirani ukivuka bustani kuna msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara sita, ndani una vigae vya Iznik zaidi ya 20,000, vingi vya buluu ndo maana wageni wanauita wa buluu, ulijengwa kuanzia 1609. Tuliupita dakika chache, nina picha zake nyingi kwenye simu, kwenye kila picha kuna mtu amefumba macho.

Kisha tukashushwa Yerebatan, lile tangi la maji la chini ya ardhi la enzi zile zile za Justinian, nguzo 336 zimesimama ndani ya maji, taa hafifu, ubaridi, maji yanadondoka polepole. Kumpeleka mtu ambaye hajalala kwenye sehemu kama ile ni kumwimbia wimbo wa kubembeleza mtoto. Mwisho kabisa kule kuna nguzo mbili zimekalia vichwa vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Wagiriki mwenye nywele za nyoka, kimoja kimepinduliwa juu chini na kingine kimelazwa ubavu, ndo watu wanakifuata kule. Usiku mezani tukaanza kubishana. Mmoja anasema kichwa kilikuwa kimoja, mwingine anasema viwili vyote vimepinduliwa, mwingine anasema hakuviona kabisa na huku yuko kwenye picha amesimama mbele yake. Watu wazima wenye akili zao tulikuwa sehemu moja saa chache zilizopita na hakuna aliyekuwa na uhakika wa alichokiona. Hapo ndo nilianza kuogopa kidogo.

Nikarudi nyumbani nikasoma. Kuna watafiti wa Australia, Dawson na Reid, mwaka 1997 walichapisha matokeo yao: mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake unashuka kama wa mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 ni kama asilimia 0.10, ambayo nchi nyingi sana ukikutwa nayo kwenye usukani unalala polisi. Na ubongo uliokosa usingizi unashindwa kupokea kumbukumbu mpya vizuri, yani jicho linaona ila haliandikiki mahali, na kuna vile vijiusingizi vya sekunde chache vinavyokuja macho yako wazi na mwenyewe hujui. Sasa chukua watu wa hali hiyo, wageni, hawajui lugha, wana pasipoti na dola mfukoni, wapandishe tramu iliyojaa, wavushe barabara ambayo magari yanakuja upande tusiouzoea maana wenzetu wanaendesha kulia. Mwenzetu mmoja alivutwa mkono na kijana wa Kituruki asiyemjua, tramu ikampita karibu na mkoba. Mungu amlipe yule kijana.

Na soko je. Tulifikishwa Kapalıçarşı jioni, soko kubwa lililofunikwa, mitaa zaidi ya 60 ndani na maduka kama 4,000, biashara pale ilianza karne ya 15 baada tu ya Mehmed kuuteka mji. Kwa watu wa Kariakoo lile ndo soko la kwenda kulisoma, kuangalia wanapangaje mali, wanaitaje mteja, bei inaanzia wapi inaishia wapi. Shoga yangu mmoja ambaye kwa kupatana bei mtaa wetu wote tunamheshimu alinunua zulia dogo na taa za vioo kwa bei ya kwanza aliyotajiwa. Ya kwanza! Muuzaji mwenyewe alishangaa akamwongezea chai. Nilimuuliza mbona hujapunguziwa, akanijibu dada nilitaka tu tuondoke nikakae.

Kubwa kuliko yote kwangu ni mama yetu mmoja, mtu mzima kidogo, ana sukari. Sindano yake ina saa zake na chakula chake kina saa zake. Siku ile hakukuwa na saa ya chochote, kala kwenye ndege alfajiri, kachoma sindano sijui saa ngapi, halafu mchana ratiba imebana chakula kikasogezwa mpaka karibu saa kumi. Akaanza kutetemeka na jasho la baridi, na sisi wote tukadhani ni usingizi kwa sababu kila mtu alikuwa anayumba. Aliyegundua ni muuza simit wa pale barabarani, ile mikate ya duara yenye ufuta, alimwangalia usoni akamkalisha kwenye kiti chake akampa juisi ya komamanga. Alikaa sawa, tunashukuru. Ila nawaza kikundi cha umra, wazee wa miaka 70, wametoka Tanga au Unguja kwa usafiri wa usiku, wanapelekwa Eyüp, hapo hapo Istanbul, kumzuru sahaba Abu Ayyub al-Ansari, sehemu tukufu ambayo mtu anatakiwa afike moyo umetulia, na nusu yao wana presha na sukari na hawajalala tangu jana.

Mtu atasema si mngesema mmechoka. Kweli, na hili ni letu sisi wateja. Kwenye kikundi hakuna anayetaka awe wa kwanza kusema. Wote tumechanga sawa, ukisema mimi narudi hotelini unahisi umewaharibia wenzako siku, na mkiwa marafiki ndo inakuwa ngumu zaidi, kila mmoja anamwonea mwenzie haya. Kwa hiyo tukawa tunatabasamu kwenye picha. Na kule mwezi wa sita jua halizami mpaka saa mbili na nusu usiku hivi, mtembezaji anaona bado mwanga anaendelea tu, kisha tukapelekwa kwenye boti ya chakula cha usiku Bosphorus, ule mkondo wa bahari unaoligawa jiji, muziki mkubwa, madaraja yanawaka taa, na meza yetu ilikuwa vichwa chini. Tumeingia kitandani saa sita usiku na wanaoswali alfajiri yao ya kule miezi hiyo inaingia kabla ya saa kumi. Hesabu mwenyewe.

Istanbul yenyewe haina kosa. Siku mbili baadaye nikiwa nimelala vizuri nilipata nusu siku, mzigo wangu umeshafungwa, tukatoka na wenzangu wawili bila basi wala mtembezaji. Tukapanda feri Eminönü kwenda Kadıköy, dakika kama 20, unatoka Ulaya unaingia Asia kwa nauli ya kadi tu kama unavyovuka Kigamboni. Nakumbuka kila kitu cha safari ile. Nakumbuka nyuma yetu kasri la Topkapı linavyokaa juu ya ile ncha ya nchi kavu, kushoto daraja la kwanza la mwaka 1973 limening'inia, mhudumu anapita na chai kwenye vile vigilasi vyembamba na sinia halimwagi, shakwe wanafuata feri na watoto wanawarushia vipande vya simit. Mbele yetu kushoto likatokea jengo la stesheni ya Haydarpaşa limesimama majini kabisa, tukasoma kwenye simu kwamba walilichora Wajerumani na lilijengwa kati ya 1906 na 1909, na shoga yangu akasema hapo hapo, si ndo miaka ile ile Wajerumani walikuwa wanajenga reli ya kati kutoka Dar kwenda Kigoma? Kweli, reli yetu ilianza 1905 na kufika Kigoma 1914. Tulizungumza hilo mpaka tunashuka, nani alibeba yale mataruma kwetu na nani alibeba kwao. Akili iliyolala ndo inaunganisha mambo hivyo. Tukanunua zeituni Kadıköy, kwa bei ya kupatana safari hii, tukarudi na treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari tangu 2013. Gharama ya nusu siku ile yote haikufika hata tiketi moja ya ghorofa ya juu Aya Sofya.

Sasa ombi langu kwa mawakala. Kikundi kikitua asubuhi au mchana baada ya kusafiri usiku, kitanda ndo kiwe sehemu ya kwanza kwenye ratiba. Chumba kinaweza kulipiwa tangu usiku wa jana yake, au hoteli ikaombwa vyumba vya mapema hata kama ni vichache watu walale wawili watatu kwa zamu. Mtasema bei itapanda. Ipandishe na utueleze, mimi niko tayari kulipa hiyo tofauti, na kama mteja hataki kuongeza basi punguza boti ya usiku siku ile ile, ambayo kwetu ilikuwa hela imetupwa majini. Aya Sofya ihamie siku ya pili asubuhi. Imesimama miaka karibu 1,500, kesho asubuhi itakuwepo. Wenye dawa za saa maalumu waulizwe kabla ya safari na mtembezaji awe na majina yao, wasiachwe wajisemee katikati ya umati.

Na nyie mnaopanga kwenda mwezi wa 12 na vikoba vyenu, kabla hujalipa arbuni muulize wakala maswali mawili tu, tunatua saa ngapi na tunapewa kitanda saa ngapi. Akikujibu kwa kukutajia sehemu mtakazotembelea, rudia swali. Mkikubaliana, andikeni kwenye risiti.

Mwalimu wetu tumeshamfungulia mchango wake peke yake kwenye kikoba, tunataka arudi. Safari hiyo ratiba naipanga mimi na siku ya kwanza nimeiandika tayari: kutua, kuoga, kulala, na jioni chai tu pale mtaani.

Asante Mhariri kwa nafasi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa Kariakoo,
Ilala, Dar es Salaam